Bunduki ya Mitutu Miwili na Hati ya Marehemu

Wenzangu mlio na nyumba, nanyi mnaotarajia kuwa nazo, nawapa kisa hiki kama kilivyotokea, bila kukitia chumvi. Kinahusu bunduki, lakini msiseme, "Mimi siwindi, hakinihusu." Kinamhusu kila anayenunua kitu kwa macho yake tu, na kila anayemficha jambo mtu anayelala naye chumba kimoja.

Kulikuwa na mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na fundi bunduki mwingine hapo mjini. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye dirisha pana, meza nzito iliyolowa mafuta ya miaka mingi, majiliwa mawili ya kubania chuma, na tupa zilizopangwa ukutani kuanzia nene hadi ile nyembamba kama sindano. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee yule alitengeneza bunduki kwa miaka arobaini, na alipofariki alimwachia binti yake vifaa, leseni ya karakana na jina ambalo watu walilitamka kwa heshima.

Mume wa Fundi aliitwa Jicho. Alikuwa kiongozi wa wawindaji. Wageni wenye vibali walipokuja kuwinda, yeye aliwatangulia porini kusoma nyayo, na nyati aliyejeruhiwa alipogeuka kuwajia, yeye ndiye aliyesimama mbele ya mgeni. Jina lake alilipata kwa shabaha yake. Nyumbani alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda chai iliyokolea na mwenye kumchekesha mama yake mzazi, ambaye waliishi naye.

Mama huyu alikuwa na tabia ya kusoma gazeti kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia habari za mbele hadi matangazo ya vifo. Jumamosi moja asubuhi alikaa kwenye kiti chake mlangoni pa karakana, miwani kwenye ncha ya pua, jua likimpasha magoti. Fundi alikuwa akisugua springi. Jicho alikuwa na kikombe chake. Hapakuwa na mtu mwenye shida na mwenzake.

"Tangazo," mama alisoma. "Bunduki za kuwindia, zilizotumika, hali nzuri sana. Kwa wanaojua vitu." Akashusha gazeti. "Wanaojua vitu ndio akina nani?"

"Ni wale wanaokaribia kuliwa, mama," Fundi alisema bila kuinua macho.

Mama alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Jicho hakucheka. Aliomba kuona ule ukurasa, akausoma akiwa amesimama, kisha akaukunja na kuutia mfukoni. Hapo ndipo amani ya nyumba ile ilipoanza kuvuja.

Msimwone Jicho mjinga. Alikuwa na sababu. Kwa miaka yote alitumia bunduki ya kampuni, ya mtutu mmoja, ambayo ukishapiga ni lazima uvute komeo ndipo upige tena. Msimu uliopita komeo lilikwama wakati nyati akiwa hatua ishirini. Yeye na mgeni wake walinusurika kwa kupanda mti. Tangu siku hiyo kiongozi mwenzake, mwenye bunduki ya mitutu miwili, hakukosa la kusema kambini. "Jicho anahitaji viatu vya kukimbilia," alikuwa akiwaambia wageni, nao wanacheka. Jicho naye alicheka pamoja nao, lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani kila mwisho wa safari.

Yaliyotokea dukani Fundi aliyasikia baadaye kutoka kwa mumewe mwenyewe. Muuzaji alikuwa mgeni pale mjini, ana miezi mitatu tu. Watu walimwita Bwana Glavu, maana hakugusa bunduki bila kuvaa glavu nyeupe za kitambaa, na aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwenye maombi. Alimfungulia Jicho kasha la ngozi. Ndani yake ililala bunduki ya mitutu miwili, kitako cha mbao nyekundu kinachong'aa, nakshi za ndege kwenye chuma, na juu yake darubini ya kulengea, nyeusi, mpya kwa sura.

"Hii sijaitangaza," Bwana Glavu alisema. "Namwekea mtu anayestahili."

Jicho aliiweka begani. Ilimkaa kama vile ilipimwa kwa mwili wake. Ndipo akaoneshwa hati ya ukaguzi na thamani, yenye muhuri mwekundu, na alipousoma muhuri ule moyo wake ukatulia kabisa. Ulikuwa na jina la mkwe wake, baba yake Fundi.

Hata hivyo, nafsi yake ilimwambia arudi nyumbani kwanza. Alisema angependa kumuuliza mkewe. Palikuwa na wanaume wawili wengine dukani wakitazama bastola. Bwana Glavu akawatupia jicho, akatabasamu kidogo.

"Hakuna tabu, kaka. Kaombe ruhusa kwa mama. Nitamwambia yule mwenzako aliyeitaka jana aje saa tisa."

Basi. Maneno hayo tu, hayakuzidi hapo. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya nyati akashindwa kusimama mbele ya tabasamu. Alitoa alichokuwa nacho chenye thamani ya kutosha: gari lao, pikapu waliyoinunua pamoja, waliyotumia yeye kwenda porini na mkewe kupeleka kazi kwa wateja. Akaandika karatasi ya kubadilishana, akakabidhi ufunguo.

Fundi alimwona akija kwa miguu, kasha refu begani, jasho likimtiririka.

"Gari liko wapi?" aliuliza.

"Limebadilika umbo," Jicho alisema, akaweka kasha mezani.

Ulikuwa ni mzaha, na Fundi alisubiri amalizie. Alipoona hamalizii, alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Umebadilisha gari letu na bunduki iliyotumika. Mimi nikiwa hapa, hatua mia nne kutoka dukani. Bila kuniita niitazame."

"Imeshatazamwa. Ina hati ya mzee wako mwenyewe. Wewe ungesema nini zaidi ya mzee?"

"Nioneshe hiyo hati."

"Hujaniamini?"

"Nataka kuiona bunduki, basi. Nifungulie hilo kasha."

Jicho aliweka mkono juu ya kasha. "Ukiigusa utaanza na bisibisi zako, na kesho utaniambia ina hili na lile. Niachie kitu kimoja ambacho ni changu."

Fundi hakubishana. Alirudi kwenye springi yake, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwanafunzi wa baba yake, tupa ilimteleza ikamkata.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama mkwe alikuwa na miadi ya macho kwenye hospitali ya mji wa pili. Gari halikuwepo, miadi ikampita, naye akaendelea kusoma gazeti akiwa ameliweka karibu na pua. Fundi alibeba bunduki za wateja kwa mkokoteni wa kukodi, zikiwa zimefungwa kwa kufuli kama sheria inavyotaka, watu wakimtazama barabara nzima. Mteja mmoja wa shamba la mbali alichoka kungoja, akapeleka kazi yake kwingine. Jicho alijifungia chumbani na kitambaa cha pamba, akiing'arisha bunduki. Waliongea juu ya chumvi na maji ya kuoga, zaidi ya hapo hawakuongea. Mgeni wa kwanza wa msimu alikuwa anafika baada ya wiki moja, na alikuja kuwinda nyati.

Aliyevunja ule ukimya ni mama. Siku ya kumi na moja, baada ya chakula cha mchana, gazeti halikuletwa. Mama hakuweza kukaa bila kusoma kitu.

"Nipe ile karatasi ya bunduki yako," alimwambia mwanawe. "Angalau nijue gari letu limeandikwaje siku hizi."

Jicho alimletea kwa majivuno kidogo. Mama aliisogeza puani akaanza, kwa sauti ileile ya kila siku: aina ya bunduki, idadi ya mitutu, hali ya mitutu bora, hali ya kitako bora, darubini imefungwa na fundi mwenyewe. Akafika kwenye muhuri, akasoma jina la mzee. Akafika kwenye tarehe. Akaisoma tena, safari hii midomo tu ikicheza.

"Mwanangu," alimwita Fundi, "baba yako tulimzika lini?"

Fundi alitokea mlangoni. "Mwaka juzi, mama. Mwezi wa tatu."

"Hapa amekagua bunduki mwaka jana, mwezi wa tano."

Fundi aliichukua ile karatasi mkononi mwa mama mkwe. Muhuri wa baba yake aliujua kama anavyojua sauti yake, na yeye mwenyewe aliupeleka kwa afande wa silaha, askari msimamizi wa leseni za bunduki, wiki moja baada ya mazishi, ukavunjwa mbele yake kwa nyundo, naye akapewa mpya wenye jina lake. Huu ulikuwa umechongwa na mtu mwingine. Herufi moja ya jina ilikuwa imekosewa.

Kilichomuuma si gari. Alifikiri juu ya mtu fulani, mahali fulani, anayeiamini karatasi ile, anaenda nayo porini, na bunduki inamgeuka. Watu watasema ilikaguliwa na nani? Watamtaja baba yake kaburini.

Fundi alimkuta Jicho amerudi chumbani, amekaa kitandani, kasha likiwa mapajani. Alilisukuma mbele bila kumtazama mkewe. "Itazame," alisema.

Sasa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaona ukubwa wa jambo. Bunduki ya mitutu miwili ni ghali kwa sababu moja. Mitutu imelala ubavu kwa ubavu, imeunganishwa kwa lehemu, na kila mmoja unapiga kwa njia yake. Fundi wa kweli hukaa siku nyingi akiilainisha lehemu na kuisogeza mitutu unywele kwa unywele mpaka risasi zote mbili ziangukie mahali pamoja. Thamani iko hapo. Nakshi za ndege ni mapambo, na vanishi hupakwa na yeyote mwenye brashi.

Fundi aliitoa mitutu, akaining'iniza kwa uzi, akaigonga kwa mpini wa bisibisi. Mitutu mizima hulia kama kengele. Hii ilitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Lehemu ilikuwa imeachia katikati. Akatazama namba: ya mitutu ilikuwa moja, ya mwili wa bunduki nyingine kabisa. Bunduki mbili zilizokufa zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Akapaka mafuta mepesi nyuma ya vifyatulio, akayafuta, na mstari mwembamba ukajichora kwenye mbao. Kitako kilipasuka, kikajazwa gundi na unga wa mbao. Mwisho akagusa darubini. Kati ya skrubu nne zilizoishika, mbili zilikuwa vichwa vitupu vilivyogandishwa kwa gundi.

Alimwonesha Jicho kila kimoja, bila kuongeza neno. Jicho alitazama yote, akauliza swali moja tu.

"Ingenifanya nini?"

"Twende Jumapili uwanja wa shabaha. Tutaona wote," Fundi alisema. "Na yeye aone."

Kila Jumapili asubuhi chama cha wawindaji kilikutana kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, nyuma ya kilima cha udongo, na afande wa silaha huwapo kusimamia. Bwana Glavu naye hakukosa. Alikuja kutafuta wateja, na Jumapili hiyo alikuja akiendesha pikapu ya kina Jicho. Alikuwa ameiosha.

Fundi alimfuata akiwa na kasha. Jicho alitembea kando yake, na nyuma yao mama, aliyekataa kubaki.

"Nimekuja kuirudisha hii," Fundi alisema. "Na kuchukua gari letu."

"Shemeji," Bwana Glavu alijibu kwa upole, "bidhaa ikishatoka dukani kwangu, imetoka. Mumeo ni mtu mzima, ametia sahihi. Na ina hati ya bingwa."

"Bingwa huyo unamfahamu?"

"Tunajuana miaka mingi. Huyo mzee hana mfano. Mwezi uliopita tu tumekunywa chai pamoja."

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Wengi wao walibeba jeneza la mzee yule kwa mabega yao. Bwana Glavu aliona nyuso zimebadilika lakini hakujua kwa nini.

"Sawa," Fundi alisema. "Basi kama imekaguliwa na bingwa, hakuna wa kuiogopa. Shabaha iko pale. Risasi hizi hapa, za saizi yake. Iweke begani upige, mara moja tu. Ukipiga, gari ni lako na mimi nitakuomba radhi mbele ya watu hawa."

Bwana Glavu alicheka. Kisha akaona kwamba hakuna anayecheka naye. Alitazama bunduki, akatazama saa yake, akasema bega lake lina maumivu ya zamani. Afande wa silaha alikuwa amesogea. Mtu mmoja aliyenunua kwake bunduki wiki iliyotangulia akasema, "Tumia bega la pili." Bwana Glavu akavua glavu moja, akaivaa tena. Mkono wake haukwenda mbele.

"Hutaki," Fundi alisema. "Mume wangu ulitaka apige akiwa na nyati mbele yake."

Aliibeba bunduki hadi kwenye meza ya kupimia, akaifunga kwa mikanda juu ya magunia ya mchanga, akatia risasi mitutu yote miwili. Akafunga kamba kwenye kifyatulio cha kwanza, kile cha mtutu wa kulia peke yake. Aliwarudisha watu wote nyuma ya ukuta wa matofali, akahesabu vichwa, kisha akavuta.

Mlio ulikuwa mmoja lakini mkubwa mno. Mitutu yote miwili ilifyatuka kwa pamoja. Kitako kilipasuka kwa urefu wake wote, na darubini iling'oka, ikaruka nyuma, ikapita pale ambapo uso wa mpigaji ungekuwa, ikagonga matofali kwa kishindo. Kioo chake kilimwagika chini. Kwenye shabaha, risasi moja ilitoboa pembe ya juu ya karatasi. Ya pili haikuonekana popote.

Jicho alitoka nyuma ya ukuta. Alitazama vile vioo ardhini, akagusa nyusi zake, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Afande alichukua hati mkononi mwa Fundi, akasoma, akamgeukia Bwana Glavu. "Muhuri huu niliuvunja mimi mwenyewe," alisema. "Mwaka juzi. Hebu twende ukanieleze huyo uliyekunywa naye chai."

Bwana Glavu alijaribu kuongea na kila mmoja kwa zamu, kaka, mzee, shemeji. Ufunguo wa pikapu aliutoa mwenyewe. Alipochukuliwa, mama mkwe aliuliza kwa sauti yake ya kusomea gazeti kama na yeye atawekwa kwenye matangazo, na watu wakaangua kicheko.

Duka lilifungwa siku hiyohiyo. Afande aliwaita wote walionunua bunduki pale, wakazileta kwa Fundi moja baada ya nyingine, na katika kumi na mbili alikuta saba ambazo si za kubebwa na mtu anayependa maisha yake. Walionunua walirudishiwa mali zao kutoka kwa bidhaa zilizokamatwa. Baada ya hapo hakuna bunduki iliyotumika iliyobadilisha mikono pale mjini bila kupita kwanza kwenye meza ile ya mafuta.

Lakini kabla ya yote hayo, pale pale uwanjani, Jicho alisimama akajipangusa vumbi. Wanaume wenzake walikuwepo, na yule kiongozi mwenzake wa kambini alikuwepo pia.

"Nina neno," alisema. "Nilimwamini mtu mwenye glavu nyeupe, nikamficha mtu mwenye mafuta mikononi. Yule wa glavu aliniambia nikaombe ruhusa kwa mke wangu, nikaona aibu. Leo mke wangu ndiye aliyeokoa uso wangu, na sisemi kwa mafumbo. Uso huu. Mke wangu, nisamehe."

Fundi alikuwa akikunja mikanda. "Endesha wewe," alimwambia, akamtupia ufunguo. "Mama ana miadi mpya ya macho kesho."

Njiani kurudi mama alikaa katikati yao na hakunyamaza hata dakika moja. Nyumbani, jioni hiyo, Jicho alileta kiti chake karakana, akaomba afundishwe jinsi ya kusikiliza mitutu. Alipiga mitutu mizima na mibovu kwa mpini wa bisibisi mpaka mkewe akamwambia inatosha, majirani watadhani kuna ibada.

Mwaka ule Jicho aliwinda na bunduki ya kampuni, baada ya Fundi kulitengeneza komeo lake upya. Halikukwama tena.

Mwaka uliofuata akaja mjane mmoja, amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji. Alikuwa na kibali cha kuiuza, na hakujua pa kuanzia.

"Wametokea watatu," alisema. "Mmoja aliniambia ni chuma chakavu. Mwingine akasema atainunua kwa huruma tu."

Fundi alifungua blanketi. Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili yenye darubini, na haikuwa na mng'aro wowote. Kitako kilikwaruzwa, rangi ya chuma ilifutika pale mkono ulipokuwa ukishika. Jicho alikuwa kando. Fundi aliining'iniza mitutu kwa uzi, akaigonga, na chumba kizima kikajaa mlio safi uliokaa hewani. Mama mlangoni akashusha gazeti kusikiliza. Namba zilikuwa moja kila mahali. Darubini ilikaa kwenye kucha za chuma zilizochongwa kwa mkono. Uliitoa, ukairudisha, nayo ikarudi palepale. Kesho yake uwanjani walipiga risasi sita, tatu kila mtutu, na matundu yote sita yalifunikwa na kiganja kimoja.

Jicho alimtazama mkewe. Nyie mnajua alichokuwa anawaza, kwa sababu na nyinyi mngewaza. Mjane alikuwa tayari kuitoa kwa bei yoyote. Sentensi moja tu ingetosha: ni kuukuu, mama, tutakusaidia. Nani angejua?

"Mama," Fundi alimwambia mjane, "hii ni ya thamani kuliko gari lile unaloliona nje. Usimpe mtu chini ya hapo. Nitakuandikia, kwa muhuri wangu."

Mjane alilikunja blanketi lake. Kisha akamgeukia Jicho. "Wewe ndiye unayewaongoza wageni kwenye nyati?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alisema nisimpe mtu atakayeitundika ukutani. Mkeo ameniambia ukweli uliokuwa na hasara kwenu. Nitawawekea. Mimi sikuwa na haraka, nilikuwa na hofu tu."

Msimu ulipokwisha Jicho na Fundi walikaa mezani pamoja, wakakubaliana kwa pamoja, wakaenda kwa mjane wakiwa wawili. Walitoa thamani yote iliyoandikwa, haikupungua hata senti.

Miezi mitatu baadaye, msimu mpya ulipoanza, mwanamume mgeni, mwenye mkwaruzo mrefu shavuni, aliingia karakana akaomba kumwona Fundi. Alieleza kwamba akiwa porini na Jicho alimjeruhi nyati bila kumwua, kwa haraka yake mwenyewe, naye akawajia kutoka kwenye majani marefu, hatua kumi na tano tu. Jicho alikuwa ameshaitoa darubini, kwa maana pale hapakuwa na mbali pa kutazama. Alipiga mara moja, nyati akayumba lakini akaja. Akapiga ya pili kabla mgeni hajamaliza kuvuta pumzi. Mnyama alianguka, na pembe yake ikagusa kiatu cha Jicho.

"Nilitaka kumshukuru mumeo," yule mgeni alisema. "Akaniambia nikija mjini nije hapa. Akasema yeye alivuta kifyatulio tu."

Fundi alimpa mkono wake wenye mafuta, na mgeni aliushika kwa mikono miwili.

Funzo la kisa hiki

Wenzangu, nyumba ya Jicho ilikaribia kubomoka kwa sababu ya aibu ndogo aliyotiwa mbele ya watu wawili asiowajua. Haikuwa kwa umaskini wala ugomvi. Mwanamume akiona haya kumuuliza mkewe, na mkewe ndiye mwenye ujuzi, hasara haibaki nje ya mlango. Ujuzi ulio ndani ya nyumba zetu tuutumie, awe nao mama, awe nao binti, awe nao bibi anayesoma magazeti.

Anayetaka kununua kitu kilichotumika akikague kwa mikono, asikubali kuharakishwa, na hati aisome mpaka tarehe. Muuzaji anayekukebehi kwa sababu unataka kuuliza amekwisha kukupa jibu.

Na ukiwa wewe ndiye unayejua thamani, na aliye mbele yako haijui, mwambie. Fundi alimwambia mjane ukweli, na ukweli ule ndio uliosimama porini kati ya mumewe na nyati.